Kabla hujaflashi redio ya gari, piga hesabu

SI ajabu siku hizi kukuta pikapu au Noah inayotoka Ivuna kwenda Tunduma na magunia ya mpunga ikiwa na redio ya kioo kikubwa inayotumia Android. Sababu inajulikana. Redio za magari ya Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, zile za karibuni hadi 95, wakati vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Wengi huona heri kubadilisha redio nzima.

Tatizo huja baadaye, mtu anapoambiwa aiflashi ili iwe nyepesi. Hapo mfanyabiashara ajiulize: nitapata nini, na ikifa nitapoteza nini? Ikifa, kamera ya nyuma na vitufe vya usukani navyo huweza kufa. Kama redio haigandi, simu inaunganishwa na ramani inafunguka, mimi sioni sababu ya kuigusa.

Ikibidi, ujue kuwa ndani mna programu mbili. Moja ni Android yenyewe. Nyingine, ambayo kwenye kioo huandikwa MCU, huongoza umeme, vitufe na kipokea redio. Redio mbili zinaweza kufanana sura kama mapacha huku ndani zikitoka viwanda tofauti, na faili la moja likaiua nyingine. Kwa hiyo usichukue faili la jirani. Fungua mipangilio, sehemu ya maelezo ya kifaa, upige picha namba zote kwa simu, kisha umpelekee aliyekuuzia ili akupe faili la namba hizo hizo. Piga picha pia ya mipangilio ya aina ya gari, kwa kuwa mara nyingi hufutika. MCU usiibadilishe kama muuzaji hakusema.

Faili ni zito, lipakue mahali penye mtandao usiokatika, ulinganishe ukubwa wake na ule ulioandikwa. Flashi iwe tupu, iwe ya mfumo wa FAT32, na jina la faili lisibadilishwe hata herufi moja.

Lakini kinachoua redio nyingi ni umeme. Betri iliyochoka isitumike kwa kazi hii. Washa injini kwanza, iache ingurume gari likiwa limesimama mahali pa wazi penye hewa, ndipo uanze. Usipige stata katikati ya kazi, maana stata huvuta umeme mwingi na redio huweza kuzimika ikiwa nusu imeandikwa. Usichomoe flashi mpaka redio ijiwashe yenyewe, na mara ya kwanza huchelewa.

Ikibaki kioo cheusi, usikimbilie kununua nyingine. Redio nyingi zina kitundu kilichoandikwa RST. Fundi anayezijua huweza kukitumia kuirudisha kwenye hali ya kupokea faili upya, mradi faili sahihi lipo kwenye flashi.