Amri ya Kusimama Ndani ya Maabara

Katika uwanja wa shabaha amri ya kuacha kupiga risasi hutiiwa papo hapo. Asiyeitii hahesabiwi kuwa shujaa. Huhesabiwa kuwa hatari kwa wenzake. Kanuni hiyo si ya jeshi na polisi peke yao. Mwaka 1971 ilijaribiwa katika maabara ya chuo kikuu nchini Marekani, na matokeo yake yanawaongoza wanafunzi wa sayansi hadi leo.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanafunzi Janet Mertz alikuwa akifanya utafiti chini ya Profesa Paul Berg. Maabara hiyo ilitafuta njia ya kuunganisha jeni za viumbe tofauti. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila kiumbe hai, yanayokipa umbo na tabia zake. Kuzitoa katika kiumbe kimoja na kuzipandikiza katika kingine ndiko kunakoitwa uhandisi wa jeni. Mpango ulikuwa kuchukua jeni za kirusi cha nyani, kiitwacho SV40, na kuziingiza katika bakteria aitwaye E. coli.

Katikati ya mwaka huo Mertz alieleza mpango huo katika mafunzo yaliyofanyika Cold Spring Harbor, jimbo la New York. Mmoja wa wakufunzi, Robert Pollack, alishtuka. Kirusi kile kilijulikana kusababisha uvimbe wa saratani katika wanyama wadogo wa jamii ya panya, na E. coli huishi ndani ya matumbo ya binadamu. Je, bakteria huyo mpya akimwingia mfanyakazi wa maabara, akatoka naye hadi nyumbani na sokoni, nani angemrudisha?

Pollack alimpigia simu Berg. Mwanzoni profesa hakukubaliana naye, lakini baada ya kushauriana na wenzake aliliahirisha jaribio hilo. Mnamo Julai 1974, Berg na wanasayansi wengine walitoa barua ya hadhara wakiwaomba watafiti wa dunia nzima waache kwa hiari baadhi ya majaribio ya namna hiyo. Februari 1975, wataalamu wapatao 140 walikutana Asilomar, California, ili kupanga masharti ya kuendelea na kazi.

Mwaka 1976 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa kanuni zenye ngazi nne za kinga: kadiri hatari ya jaribio ilivyozidi, ndivyo maabara ilivyotakiwa kufungwa zaidi. Hali kadhalika, mwanasayansi Roy Curtiss alitengeneza bakteria dhaifu asiyeweza kuishi nje ya maabara. Zikawa kinga mbili, mfano wa lindo la ndani na lindo la nje.

Kwa miaka iliyofuata, maafa yaliyohofiwa hayakutokea, na kanuni zikalegezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1978 E. coli huyo huyo alitumiwa kutengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa kisukari. Wapo wanaosema kwamba hofu ile ilikuwa ya bure. Lakini mwaka 1971 hapakuwa na mtu aliyejua. Anayekagua bunduki akaikuta haina risasi hakupoteza wakati wake.

Leo kazi hiyo hufanywa hata na vijana wa vyuo na shule za sekondari. Mashindano ya iGEM, yaliyoanzia katika chuo cha MIT, yalikuwa na timu 5 tu mwaka 2004. Sasa huvuta timu kutoka mabara mbalimbali. Wanafunzi hutakiwa kueleza wanatumia viumbe gani na watajikinga vipi. Vijidudu vya makundi ya hatari kubwa haviruhusiwi, wala kiumbe kilichobadilishwa hakitolewi nje ya maabara. Kuanzia mwaka 2009, maofisa wa FBI wamehudhuria mashindano hayo, si kwa kukamata watu, bali kwa kujuana na wanafunzi kabla ya tatizo kutokea.

Kanuni za kila siku ni nyepesi kuzitaja: kuvaa koti na glavu, kutokula wala kunywa ndani ya maabara, kutonyonya mrija kwa mdomo, kuua vijidudu kwa mvuke wa moto kabla ya kutupa taka, na kunawa mikono kabla ya kutoka. Iliyo nzito ni moja: kutoa taarifa mara ajali inapotokea. Mwanafunzi aliyejichoma sindano akanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa huacha mlango wazi ambao hakuna mlinzi anayeuona. Kwa hiyo mkuu anayemwadhibu msema kweli hudhoofisha ulinzi wake mwenyewe.

Mertz hakuuficha mpango wake, Pollack hakuogopa kuuliza, na Berg hakuona haya kusimama. Huo ndio utii unaolinda maisha, uwe kambini, kituoni au katika maabara. Tahadhari kabla ya hatari.