Kasi Mbili za Mawimbi: Kutoka Vilindi vya Bahari ya Hindi hadi Mwamba wa Diani
(Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwamba wimbi la baharini si maji yanayosafiri bali ni mtikisiko unaopita ndani ya maji, na kwamba kasi yake hupatikana kwa kuzidisha urefu wake, yaani umbali kutoka kilele hadi kilele, kwa idadi ya vilele vinavyopita mahali pamoja katika kila sekunde. Kanuni hiyo ni sahihi, na ndiyo inayofundishwa katika shule za sekondari nchini Kenya, lakini haitoshi kueleza kinachotokea nje ya mwamba wa Diani au wa Msambweni, katika pwani ya Kwale, kwa sababu inalihusu wimbi moja lenye urefu usiobadilika, lisilo na mwanzo wala mwisho, na wimbi la namna hiyo halipo katika bahari yoyote. Bahari ya kweli ni mawimbi mengi yaliyopandana, na pindi yanapopandana, anayeuliza wimbi linakwenda kwa kasi gani hupata majibu mawili yanayotofautiana sana.

Mawimbi mawili yanapopandana, yaani yanapofika mahali pamoja kwa wakati mmoja, hayagongani wala hayazuiani, bali kimo cha maji mahali hapo huwa ni jumla ya vimo vyake vyote viwili. Kilele kikikutana na kilele maji huinuka zaidi, na kilele kikikutana na bonde, yaani sehemu ya chini ya wimbi, vyote viwili hufutana. Watu wa pwani ya Kwale huishi na jambo hili kila mwezi. Maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mawimbi mapana mno yanayoletwa na mvuto wa mwezi na wa jua. Lile kuu la mwezi hurudia kila baada ya saa 12 na dakika 25, na lile kuu la jua kila baada ya saa 12 kamili. Kwa kuwa vipindi hivyo vinakaribiana bila kulingana, vilele vyake huafikiana, kisha huachana, kisha huafikiana tena baada ya siku 14 na robo tatu, na hapo ndipo wanaochokoa pweza katika miamba ya Gazi na Msambweni hupata bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, na kiasi cha wiki moja baadaye wakarudi kwenye maji mafu. Bamvua si wimbi la tatu. Ni umbo linalozaliwa na kupandana kwa mawili, na umbo hilo lina mpigo wake lenyewe ambao haumo katika wimbi lolote kati ya hayo.

Jambo hilohilo hutokea, kwa dakika badala ya wiki, katika mawimbi makubwa yanayotoka mbali na kupasukia kwenye mwamba wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini. Ichukuliwe mifano miwili ya mawimbi yanayosafiri pamoja katika kilindi, moja likiwa na kipindi cha sekunde 14, maana yake kilele hufuata kilele kila baada ya sekunde 14, na jingine likiwa na kipindi cha sekunde 13. Katika maji ya kina kirefu kasi ya kilele hutegemea kipindi: kila sekunde moja ya kipindi hukipa kilele mita 1.56 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la kwanza, lenye urefu wa mita 306 hivi, huenda kwa mita 21.8 kwa sekunde, na la pili, lenye urefu wa mita 264, huenda kwa mita 20.3. Pale vilele vyake vinapoafikiana bahari huwa na mawimbi makubwa, na pale vinapopingana bahari hutulia, hata uso wa maji ukagawanyika katika makundi: mawimbi kadhaa makubwa, kisha utulivu, kisha makubwa tena. Hesabu huonyesha kwamba kutoka katikati ya kundi moja hadi katikati ya kundi linalofuata ni karibu mita 1,900, na kwamba makundi hayo hupita mahali pamoja kila baada ya dakika tatu.

Kasi ya vilele katika mchanganyiko huu ni mita 21 kwa sekunde, na wanasayansi huiita kasi ya awamu, neno awamu likimaanisha hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Kasi ya makundi yenyewe huitwa kasi ya kundi, nayo haipatikani kwa kuchukua wastani wa kasi za mawimbi mawili, kama mtu anavyoweza kudhani. Hupatikana kwa kugawa tofauti ya idadi ya mipigo yake katika sekunde kwa tofauti ya idadi ya vilele vyake katika mita. Jibu ni mita 10.5 kwa sekunde, nusu kabisa ya kasi ya vilele. Anayelitazama kundi hilo kwa makini akiwa chomboni ataona kilele kikizaliwa nyuma ya kundi kikiwa kidogo, kikikua kadiri kinavyosonga kuelekea katikati, kisha kikififia na kutoweka mbele, wakati kingine kinachomoza nyuma. Uhai wa kilele kimoja ndani ya kundi hauzidi dakika tatu. Vivyo hivyo, abiria anayetembea ndani ya feri ya Likoni kutoka nyuma kwenda mbele huonekana na aliye nchi kavu akienda kasi kuliko feri yenyewe, lakini hawezi kufika ng'ambo kabla ya feri.

Sababu ya jambo hili, yaani kundi kwenda polepole kuliko vilele vyake, ilitafutwa kwa muda mrefu. William Rowan Hamilton wa Ireland aliligusia mwaka 1839 alipokuwa akichunguza mwanga, na George Stokes akalitoa kama swali la mtihani wa tuzo katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1876, lakini maelezo yanayoridhisha zaidi ni ya Osborne Reynolds wa Manchester, aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba katika maji ya kina kirefu kila kipindi kinapopita wimbi husukuma mbele nusu tu ya nishati iliyomo katika urefu wake. Nusu nyingine hubaki nyuma katika mzunguko wa maji. Kwa hiyo kasi ya kundi ndiyo kasi ya nishati, na nishati ndiyo inayopindua mtumbwi na kumega ufuo.

Athari ya jambo hili kwa pwani ya kusini mwa Kenya ni kubwa. Dhoruba ikivuma katika latitudo za kusini mwa Bahari ya Hindi, tuseme kilomita 5,000 kutoka Diani, huzaa mawimbi ya vipindi vingi kwa pamoja, nayo yakishatoka katika dhoruba hutengana njiani, yale ya kipindi kirefu yakitangulia; kutengana huko huitwa mtawanyiko. Mawimbi ya sekunde 18 yana vilele vinavyokwenda kilomita 101 kwa saa, na anayehesabu kwa kasi hiyo atayatarajia baada ya siku mbili. Hayatafika siku hiyo. Nishati yake husafiri kwa kilomita 50 na ushei kwa saa, hivyo yatahitaji siku nne na saa tatu, na yale ya sekunde 14 yatafuata zaidi ya siku moja baadaye. Si mawimbi yote yanayofika, kwani Madagaska huyaziba mengi yanayotoka kusini, na Pemba huikinga zaidi Msambweni na Shimoni kuliko inavyoikinga Diani. Hata hivyo, kanuni ya nusu haibadiliki kwa yale yanayopenya.

Kanuni hiyo inaweza pia kusomwa kinyumenyume. Walter Munk na Frank Snodgrass walipima mawimbi yaliyofika katika kisiwa cha Guadalupe, magharibi mwa Meksiko, na kutokana na jinsi vipindi vilivyokuwa vikipungua siku hadi siku wakakokotoa umbali wa dhoruba iliyoyazaa. Katika andiko lao la mwaka 1957 walihitimisha kwamba baadhi yalitoka katika Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 15,000 kutoka hapo. Kasi ya vilele ingewapeleka mahali ambapo hapakuwa na dhoruba yoyote.

Mawimbi yanapokaribia mwamba mambo hugeuka. Kina kinapokuwa kidogo sana kuliko urefu wa wimbi, kasi haitegemei tena kipindi bali kina pekee, na kwa kuwa mawimbi yote huenda kwa kasi moja, makundi nayo huenda kwa kasi hiyohiyo. Katika maji ya mita mbili kasi zote mbili ni mita 4.4 kwa sekunde. Lakini makundi yaliyoundwa kilindini hayapotei. Kundi kubwa likipasuka juu ya mwamba humimina maji mengi ndani, usawa wa maji kati ya mwamba na ufuo ukapanda, na utulivu unapofuata maji hayo hutafuta njia ya kurudi na kutoka kwa nguvu kupitia mlango wa mwamba. Ndiyo maana mkondo wa mlangoni huweza kuwa mpole kwa dakika mbili na wa hatari katika dakika ya tatu, na anayetaka kuvuka au kuogelea karibu na hapo hapaswi kuamua kwa kutazama mawimbi machache. Asubiri makundi kadhaa yapite, robo saa ikiwezekana.

Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilitoa ushahidi wa hali hiyo ya pili, ambamo kasi zote mbili hulingana. Tetemeko lilitokea pwani ya Sumatra muda mfupi kabla ya saa kumi ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, na mawimbi yakafika pwani ya Kenya kiasi cha saa tisa baadaye, mchana wa siku hiyo, baada ya safari ya takriban kilomita 6,300. Urefu wa wimbi la tsunami ni mamia ya kilomita, na bahari yenye kina cha kilomita nne ni kama maji ya kifundo cha mguu mbele yake. Kwa hiyo kasi ya awamu na kasi ya kundi zililingana, karibu kilomita 700 kwa saa, na nishati haikuchelewa nyuma ya vilele. Muda wa saa tisa ulitosha kuwaondoa watu ufuoni hapa nchini, ilhali Somalia, ambako onyo halikuwafikia wengi, watu wapatao 300 walipoteza maisha.

Tofauti hii haiishii majini. Mwanga unaobeba ujumbe katika kebo ya mawasiliano ya chini ya bahari iitwayo TEAMS, iliyofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, husafiri kwa kasi ya kundi ya takriban kilomita 204,000 kwa sekunde, na mtawanyiko wake ndio ambao wahandisi hulazimika kuudhibiti ili alama moja isimezwe na nyingine.

Ni upungufu mkubwa kwamba mwanafunzi wa Ukunda au Msambweni, mwenye bahari mlangoni, humaliza shule akiwa na kanuni ya kasi moja tu. Somo la kasi ya kundi halihitaji maabara wala hesabu ngumu. Linahitaji saa ya mkononi, ufuo wa Galu au Tiwi wakati wa kusi, na mwalimu atakayewaambia wanafunzi wahesabu muda kati ya mawimbi makubwa na makubwa yanayofuata. Walimu wa fizikia wa kaunti ya Kwale wanaombwa walijaribu muhula ujao.

Sehemu ya tatu itaeleza kwa nini mawimbi hupinda yanapozunguka kisiwa cha Chale.