KUPIGA MBIZI, KUZAMA NA KUPWELEZWA: ISTILAHI ZA NYAMBIZI KATIKA MFANO WA U-852

Katika kutafsiri habari za vita vya baharini, sentensi moja fupi yaweza kumpotosha msomaji bila ya mfasiri mwenyewe kujua. Tuchukue mfano huu: “Nyambizi ya Kijerumani ilizama tarehe 2 Mei, 1944 mbele ya pwani ya Somalia.” Msomaji mmoja ataelewa kwamba chombo kilikwenda chini kwa hiari ya mabaharia wake, kama ilivyo desturi ya vyombo vya namna hiyo. Mwingine ataelewa kwamba chombo kilipotea pamoja na waliokuwamo. Kwa habari za chombo tunachokusudia kukieleza, maana ya kwanza ni kweli na ya pili ni uongo. Lakini sentensi yenyewe haitoi msaada wowote wa kuzitenga.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi tatizo hilo linavyoweza kutatuliwa kwa maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo. Tumechagua nyambizi U-852 kwa sababu safari yake iliishia katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwa sababu kesi iliyofuata inaonyesha kwamba uteuzi wa neno si jambo la mapambo.

Umbo na utendaji

Neno manowari lina maana ya meli yoyote ya vita, kwa hiyo halitoshi kuitaja nyambizi peke yake. Neno nyambizi linafaa zaidi, maana ndani yake limo neno mbizi, nalo humjulisha msomaji kazi ya chombo. Hata hivyo lahitaji fasili iliyo sahihi. Nyambizi za wakati wa Vita Kuu ya Pili hazikuwa vyombo vya kuishi chini ya maji. Zilikuwa meli zilizosafiri juu ya maji sehemu kubwa ya safari, zikapiga mbizi zilipohitaji kushambulia au kujificha.

Mwalimu wa Kilosa au Mikumi, ambaye wanafunzi wake huenda hawajaiona bahari, ana mfano ulio karibu. Kiboko wa mabwawa ya Hifadhi ya Mikumi hushinda majini, lakini si samaki: kila baada ya dakika chache hana budi kuibuka avute pumzi. Nyambizi ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Injini zake za dizeli zilihitaji hewa, kwa hiyo zilitumika juu ya maji tu. Chini ya maji ilisukumwa na mota za umeme zilizotumia betri. Na betri zilipokwisha nguvu, chombo kilipaswa kuibuka ili injini za dizeli zizijaze tena.

U-852 iliundwa katika kiwanda cha AG Weser mjini Bremen, ikaingizwa kazini mwezi wa Juni, 1943. Ilikuwa ya aina iliyoitwa IXD2, iliyokusudiwa kwa safari ndefu za hadi Bahari ya Hindi. Urefu wake ulikaribia meta 88, na uzito wake juu ya maji ulikuwa kiasi cha tani 1,600. Juu ya maji iliweza kwenda kiasi cha maili za bahari 19 kwa saa. Chini ya maji haikufikia 7. Na kwa mwendo wa polepole wa maili 4 kwa saa, betri zake ziliweza kuifikisha maili 57 tu. Tarakimu hizi ndizo zinazoeleza kwa nini ndege zilikuwa adui mkubwa kwake: juu ya maji ilionekana, na chini ya maji haikuweza kukimbia.

Silaha yake kubwa ilikuwa topido, yaani kombora lijiendeshalo ndani ya maji. Ilikuwa na mirija sita ya kurushia, minne omo na miwili tezi. Hapa tunasisitiza kwamba omo na tezi ni maneno yatoshayo, hapana haja ya kusema “sehemu ya mbele ya chombo.” Vivyo hivyo neno farumi. Katika jahazi, farumi ni mawe au mchanga uwekwao chini ili chombo kitulie. Katika nyambizi uzito huo ni maji ya bahari: yakiingizwa katika matangi, chombo hupiga mbizi, yakisukumwa nje kwa hewa, chombo huibuka. Twaweza kusema matangi ya farumi bila ya kulivunja neno, ila tumelipanua maana.

Safari na mwisho wake

U-852 iliondoka Kiel mwezi wa Januari, 1944 chini ya kamanda Heinz-Wilhelm Eck. Usiku wa tarehe 13 Machi, katika Bahari ya Atlantiki, iliizamisha kwa topido meli ya Kigiriki iitwayo Peleus. Tarehe 1 Aprili iliizamisha meli ya Kiingereza Dahomian karibu na Rasi ya Tumaini Jema, kisha ikaingia Bahari ya Hindi.

Tarehe 2 Mei ndege za Kiingereza aina ya Wellington, zilizotoka Aden, ziliikuta mbele ya pwani ya Somalia. Ilipiga mbizi; lakini mabomu ya kina yalikuwa yameidhuru, ikalazimika kuibuka, na haikuweza kupiga mbizi tena. Kamanda aliielekeza pwani, kusini ya Ras Hafun, ikapwelea. Tarehe 3 Mei mabaharia wake wakailipua. Watu saba walikuwa wamekufa, na 59 wakatekwa.

Msomaji ataona kwamba katika maelezo hayo kitenzi kuzama hakikutumika hata mara moja kwa U-852. Ilipiga mbizi, iliibuka, ilipwelezwa, ililipuliwa. Kila kitenzi kina mtendaji na kusudi lake.

Mabaki na manusura

Waingereza waliikuta ndani ya nyambizi batli yake, yaani daftari ambamo nahodha huandika mwenendo wa safari siku kwa siku. Batli hiyo ilisaidia kuihusisha U-852 na kuzamishwa kwa Peleus. Meli hiyo ilikuwa na watu 35. Baada ya kuzama, waliosalia walishika vyelezo na vipande vya mbao. Eck alihofia kwamba ndege zingeviona vitu hivyo na kuitafuta nyambizi yake. Akaamuru vipigwe kwa bunduki za rashasha na mabomu ya mkono. Kazi hiyo ilichukua saa kadhaa. Watu watatu tu ndio walioishi hadi kuokolewa na meli ya Kireno mwezi wa Aprili.

Mwezi wa Oktoba, 1945 Eck na wenzake wanne walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza mjini Hamburg. Utetezi wa Eck ulitegemea neno moja: alidai kuwa alikusudia kuangamiza mabaki. Mashtaka nayo yalitegemea neno jingine: waliokuwa juu ya mabaki hayo walikuwa manusura. Washtakiwa wengine walitaja amri ya mkubwa wao. Mahakama haikukubali kwamba amri iliyo haramu waziwazi humkinga aliyeitekeleza. Eck, ofisa mmoja na daktari wa chombo walihukumiwa kufa, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba, 1945. Mhandisi, aliyekuwa ameipinga amri hapo mwanzo, alifungwa maisha, na baharia mmoja miaka 15.

Mfasiri akiandika kwamba nyambizi “iliharibu mabaki ya meli,” amekwisha kutoa hukumu upande wa utetezi. Akiandika kwamba “iliwaua mabaharia wa adui,” amefuta tofauti baina ya mpiganaji na mtu aliyekwisha kuvunjikiwa na chombo. Sharti aandike kwamba iliyavyatulia risasi mabaki yaliyoshikwa na manusura. Hapo msomaji atakuwa na kila kitu kilichokuwa mbele ya mahakama.

Kipimo hicho sharti kiwe kimoja kwa pande zote. Mwezi mmoja kabla ya Peleus, tarehe 12 Februari, 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Manowari za Kiingereza, zikiisaka nyambizi iliyojificha chini, zilidondosha mabomu ya kina mahali palipokuwa na manusura majini. Shabaha ilikuwa nyambizi, wala si watu. Lakini neno manusura haliwezi kuondolewa katika habari hiyo kwa sababu tu kwamba mabomu yalikuwa ya upande wa pili.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kupiga mbizi: kwenda chini ya maji kwa kusudi la chombo chenyewe.
Kuibuka: kurudi juu ya maji.
Kuzama: kwenda chini na kupotea.
Kuzamishwa: kuzama kwa tendo la adui.
Kujizamisha: kuzama kwa tendo la mabaharia wenyewe.
Kupwelea na kupweleza: kukwama pwani, kukwamisha pwani kwa makusudi.
Mabaki: vitu vilivyosalia.
Manusura: watu waliosalia.

Maneno haya karibu yote yako katika vinywa vya watu wa pwani tangu zamani. Yanayohitajika ni kuyagawia kazi zake, na mwalimu wa bara kuyatumia darasani bila ya kuona haya kwamba ni ya mabaharia. Mwanafunzi wa Kilosa atakayesoma kesho habari ya vita ana haki ya kujua, kwa neno moja tu, kama kilichopigwa risasi kilikuwa ubao au mtu.