Miti ya Vilimani na Vijito vya Kalemie

Kila mwaka, mvua kubwa zinapoanza kunyesha, watu wa Kalemie huona jambo ambalo wamelizoea hata hawalistaajabii tena. Vijito vishukavyo kutoka vilimani hugeuka rangi, maji yake huwa mekundu kama udongo wa matofali, na mahali vinapoingia ziwani huonekana mstari mrefu unaotenga matope na maji safi. Wasomaji wapenzi, mstari ule ni shamba la mtu linalokwenda ziwani. Udongo huo ulichukua miaka mingi kufanyika, nao hautapanda tena mlimani.

Tutazame kwanza sababu yake. Sehemu kubwa ya nchi izungukayo Kalemie ni pori la miombo. Pale miti ilipo, majani yake hupokea matone ya mvua yasiupige udongo kwa nguvu. Majani makavu yaliyoanguka huyanywa maji. Nayo mizizi huushika udongo usihame. Hivyo maji huingia ardhini polepole, na chemchemi hutoa maji hata wakati wa kiangazi. Lakini mlima ukinyolewa, maji hayana pa kupumzika. Huteremka mbio, huchimba makorongo, huchukua mchanga na mawe, kisha kiangazi kikifika kijito hukauka. Ndiyo maana kijiji kile kile chaweza kulilia mafuriko mwezi wa Aprili na kulilia kiu mwezi wa Agosti.

Hasara ya pili ni ya wavuvi. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, na katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hicho. Hata hivyo samaki hawawezi kukaa katika kina hicho chote, kwa maana chini ya meta 200 hivi maji hayana hewa ya kuvuta. Aina nyingi za samaki, ambazo kwingineko duniani hazipatikani, huishi karibu na ukingo, penye miamba na maji maangavu. Ni pale pale matope yanapotua. Matope hufunika mawe wanapolishia, huzika mayai yao, na kuzuia mwanga unaootesha mimea midogo ya majini. Wataalamu waliotangaza uchunguzi wao mwaka 1993 walilinganisha ufuko ulio chini ya vilima vyenye msitu na ufuko ulio chini ya vilima vilivyofyekwa. Palipozidi matope, walikuta aina chache zaidi za samaki. Tena wako samaki wa ziwa ambao wakati wa mvua hupanda mitoni ili kutaga. Wakikuta mto umejaa mchanga, watataga wapi?

Historia ya Lukuga yatufundisha nguvu ya matope na majani. Mto huo ndio mlango pekee ambao maji ya ziwa hutokea kwenda mto Kongo. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipofika mdomoni pake, aliona mlango umezibwa na matete na magugu. Stanley naye alipita mwaka 1876, akaona maji bado hayajapata njia ya kutoka sawasawa. Ziwa likazidi kupanda, hata mnamo mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi na kufunguka njia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama meta 10. Na mwaka 2024, ziwa lilipopanda sana baada ya mvua nyingi, nyumba za ufukoni ziliingiliwa na maji, Kalemie na Bujumbura vilevile. Hatusemi kwamba kukata miti kulileta mvua hizo. Twasema tu kwamba mvua nyingi ikiukuta mlima ulio uchi, madhara yake huongezeka maradufu.

Je, milima hiyo ni ya nani? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 yasema vivyo hivyo juu ya misitu. Wengine hufikiri kwamba mali ya Serikali ni mali isiyo na mwenyewe, basi mwenye shoka kali ndiye mrithi. Hilo ni kosa. Sheria hiyo ya 2002 inakataza kufyeka miti katika meta 50 kila upande wa mto, na katika meta 100 kuizunguka chemchemi. Tena inawapa wenyeji haki ya kuomba msitu wao wautunze wenyewe kwa manufaa yao; na agizo la mwaka 2014 liliweka utaratibu, kwamba jamii yaweza kupewa hadi hekta 50,000. Basi mlango uko wazi kwa vijiji vinavyotaka kuwa walinzi badala ya kuwa wakimbizi wa misitu yao.

Hapo twasikia mzazi akituuliza: «Na chakula nitakipika kwa nini?» Swali hilo ni la haki. Umeme wa mto Kyimbi, kutoka Bendera, hufika Kalemie, lakini nyumba nyingi hupika kwa makala, yaani makaa ya miti. Machafuko ya miaka ya 2016 na 2017 yaliwaleta watu wengi waliokimbia vijiji vyao, wakakaa pembeni mwa mji, na kila jiko lilitaka moto. Mchoma makala naye ni baba wa watoto. Gunia lake moja ndilo daftari na kalamu za wanawe. Kumlaumu tu bila kumwonyesha njia nyingine hakufai.

Njia iko, nayo ni kupunguza miti kwa akili. Kupunguza ni tofauti kabisa na kufyeka. Mti wa miombo ukikatwa, kisiki chake hakifi upesi. Hutoa machipukizi mengi yanayogombea mwanga na maji, yote yakabaki membamba. Mtunzaji huchagua mawili au matatu yaliyonyooka, huyaondoa mengine na kuyatumia kwa kuni na fito. Yale yaliyobaki hunenepa haraka. Kadhalika kilima kigawanywe mafungu: mwaka huu hukatwa fungu moja, mwaka ujao jingine, na lililokatwa hupumzika mpaka lirudie unene wake. Moto nao uzuiwe, au uchomwe mapema kiangazi kinapoanza, wakati majani yangali na unyevu, kwa sababu moto wa Septemba huua hata machipukizi.

Kijito nacho kina dawa yake. Penye korongo hupangwa mawe au fito kukatiza njia ya maji, ili mchanga utue nyuma yake. Ukingoni hupandwa matete, mianzi na miti ya asili, na jembe halifiki pale. Mashamba ya mteremkoni hulimwa kwa matuta yanayokingama mlima. Na gogo lililoanguka lenyewe mtoni, kama halizibi daraja, liachwe. Huko magharibi ya Marekani, kwa miaka mingi waliondoa magogo mitoni wakidhani yanawasumbua samaki. Baadaye waligundua kwamba magogo hayo yalifanya vidimbwi vya kujifichia na kuzalia. Leo katika misitu ya Serikali huko Oregon hupunguza miti iliyosongamana, na fedha za mbao hizo husaidia kurudisha magogo mitoni.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ng'ambo ya ziwa letu, katika mkoa wa Kigoma, vilima vya vijiji vilivyo karibu na Gombe vilikuwa vimenyolewa. Tangu mwaka 1994 kazi iliyoanzishwa na taasisi ya Jane Goodall iliwaunganisha wanavijiji: walitenga misitu ya kijiji, wakaacha visiki vichipuke, wakapanda miti ya kuni karibu na nyumba. Msitu ukaanza kurudi, na mbegu zake zilikuwa chini ya miguu yao siku zote. Nasi upande wetu, mwezi wa Desemba 2016, mkoa wa Tanganyika ulitenga milima ya Kabobo, kaskazini ya Kalemie, iwe hifadhi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Enyi wazazi, jiko linalobana moto hupunguza makala, na ziada ya fedha hubaki nyumbani. Enyi wanafunzi, kijito kinachopita karibu na shule yenu chaweza kuwa kitabu chenu: pimeni hatua 50 kutoka ukingoni, mhesabu miti mliyoikuta, mkapande palipo wazi, na mwaka ujao mhesabu tena. Nanyi wakubwa wa vijiji, ulizeni haki mliyopewa na sheria kabla wengine hawajawahi. Maji yatakayonywewa Kalemie miaka 20 ijayo yanategemea visiki tutakavyoviacha vichipuke mwaka huu.