Fahamu: Gego la mwisho ling'olewe lini?

Gego la mwisho kwa kawaida huchomoza kati ya miaka 17 na 25, taya likiwa limeshajaa. Likikosa nafasi hulala ubavu au hubaki nusu nje, ufizi ukilifunika na kunasa chembe za mahindi na nyuzi za muwa. Uvimbe huanza, mdomo ukawa haufunguki vizuri. Mtu wa Malakisi akinunua antibiotiki dukani, maumivu hutulia kisha hurudi, kwa kuwa mfuko ule wa ufizi uko palepale. Gego la namna hiyo, likizidi kusumbua, ling'olewe. Lililo zima liachwe: ndivyo NICE, taasisi ya afya ya Uingereza, ilivyoelekeza mwaka 2000.

Wapo wanaosema kungoja ni kujitafutia makubwa, maana mfupa hukomaa na umri. Ni kweli, lakini kung'oa nako kuna gharama yake: mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini hupita karibu na mizizi, na ukiguswa ganzi huweza kudumu. Ndiyo maana eksirei, Bungoma au Kitale, itangulie uamuzi.

Likishang'olewa, kinacholindwa ni donge la damu lililoziba shimo. Uma shashi nusu saa. Maji vuguvugu ya chumvi yangoje kesho yake. Usivute sigara wala usinyonye mrija, hata ule wa busaa (wazee watanisamehe). Donge likichomoka, mfupa hubaki wazi, na siku ya tatu maumivu hupanda hadi sikioni badala ya kupungua. Hapo rudi kwa daktari.