Wazazi wazima, mtoto mgonjwa: Selimundu hurithiwa vipi?

Huenda umewahi kulisikia swali hili likiulizwa kwa uchungu nje ya wodi ya watoto: "Mimi ni mzima, mume wangu ni mzima, na kwetu hakuna aliyewahi kuugua hivi. Mtoto ameutoa wapi ugonjwa huu?" Jibu lisipopatikana upesi, maneno huanza. Mama mkwe humtazama mke kwa jicho la pembeni. Kuna watakaosema ni laana ya ukoo, na kuna watakaosema mtoto amerogwa. Mume naye huenda akaanza kunong'ona kuwa mtoto si wake.

Ugonjwa wenyewe ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Hakuna mfano bora wa kueleza jinsi mzazi anavyoweza kumpa mwanawe kitu ambacho yeye mwenyewe haonekani kuwa nacho.

Karibu kila seli ya mwili wako ina nyuzi nyembamba mno ziitwazo kromosomu. Ziko 46, nazo zimepangwa kwa jozi 23. Katika kila jozi, uzi mmoja ulitoka kwa baba na wa pili kwa mama. Kwenye nyuzi hizo ndiko ziliko jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili: rangi ya ngozi, kundi la damu, umbo la pua na mengine mengi.

Kwa hivyo karibu kila agizo unalo mara mbili, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Urithi si kama chai na maziwa, ambavyo vikishachanganywa havitenganiki tena. Nakala ya baba na nakala ya mama hukaa kando kwa kando, kila moja na lake. Moja yaweza kunyamaza maisha yako yote, kisha ikaja kusema kwa mwanao au mjukuu wako.

Aliyeling'amua jambo hili alikuwa mtawa, Gregor Mendel, aliyekuwa akipanda njegere katika bustani ya monasteri mjini Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Alichanganya njegere za mviringo na zile zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo kitupu. Lakini kizazi kilichofuata, zilizokunjamana zikarudi: alihesabu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1866 na hakuna aliyejali sana. Mendel alifariki mwaka wa 1884, na kazi yake ikaja kutambuliwa mwaka wa 1900.

Sasa tuiache njegere, turudi kwenye damu. Himoglobini ndiyo inayoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni mwilini. Jeni yake ya kawaida huandikwa kwa herufi A. Ile yenye kasoro huandikwa S. Kasoro yenyewe ni ndogo ajabu, sawa na herufi moja iliyokosewa katika agizo zima, lakini madhara yake si madogo. Himoglobini ya S ikipungukiwa na oksijeni hushikana na kuwa kama vijiti. Chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya duara na laini, hupinda kama mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Tena hazidumu: ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mundu siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu na macho yake mara nyingi huwa ya manjano.

Mwenye AA hana tatizo. Mwenye SS ni mgonjwa. Katikati yuko mwenye AS, na huyu ndiye kiini cha habari yetu, maana ni mzima. Anaweza kucheza kandanda, kuzaa na kuzeeka bila kujua kuwa ameibeba S.

Chukua sarafu ya shilingi kumi. Upande mmoja una simba, upande wa pili una nembo ya taifa. Simba awe S, nembo iwe A. Baba mwenye AS huirusha sarafu yake, na mama mwenye AS huirusha yake. Mara moja kati ya nne, kwa wastani, zote mbili zitaonyesha simba, na mtoto atakuwa SS. Mara moja kati ya nne zitaonyesha nembo zote mbili, na mtoto atakuwa AA. Mara mbili zilizobaki atakuwa AS kama wazazi wake.

Wengi husikia "mmoja kati ya wanne" wakadhani ni foleni: wa kwanza keshaugua, basi watatu wajao wamepona. Sivyo. Kila mimba ni kurusha upya, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna wazazi waliopata wanne wote wazima, na kuna waliopata wagonjwa wawili mfululizo.

Mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. Mwenye SS akioana na mwenye AA, watoto wote watakuwa AS. Akioana na mwenye AS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupata mtoto mgonjwa.

Utauliza kwa nini jeni mbaya hivi haikutoweka zamani. Jibu lake lilipatikana humu humu nchini. Mwaka wa 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta wenye AS wakizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Akaona kuwa ramani ya S inafuata ramani ya malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Mtoto wa AS alinusurika mbu walipowaua wenzake, akakua, akaiacha S kwa wanawe. Lakini usidanganyike: kinga hiyo haimfai mtoto wa SS. Malaria ikimpata yeye, hatari ni kubwa zaidi.

Na lawama je? Mtoto wa SS amepata S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hii hubaki na S yake mwilini, na akioa mwingine mwenye AS, sarafu ni zile zile. (Ni kama wale wanaomlaumu mke kwa kuzaa wasichana watupu, ilhali mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto.)

Dalili huanza mtoto afikapo miezi sita hivi: vidole na nyayo kuvimba, kulia kwa maumivu, homa za mara kwa mara. Homa kwa mtoto huyu si ya kungojea asubuhi, mpeleke hospitalini. Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano, chanjo, chandarua na dawa za kukinga malaria huokoa maisha. Dawa ya hydroxyurea ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo. Matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa 2018 yalionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Tiba ya kurekebisha jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka wa 2023, lakini bei yake ni ya mamilioni ya dola.

Wachumba wapimwe lini? Mapema, kabla kamati ya harusi haijaanza kuchangisha pesa. Wakigundua wote ni AS, uamuzi ni wao, lakini wataamua wakijua. Ukienda maabara, taja kwamba unataka kipimo cha elektroforesisi ya himoglobini. Kile cha haraka cha kutazama kama chembe zinapinda hakitofautishi AS na SS. Na kama umeongezwa damu karibuni, mweleze mtaalamu, maana damu ya aliyekuchangia itaonekana pamoja na yako. Ngoja kama miezi mitatu ndipo upimwe.