Mvua ikifunga njia ya shule, mtoto asome vipi nyumbani?

Msikilizaji, mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Majirani zetu Kenya walikuwa wameahirisha muhula wa pili kwa sababu ya mafuriko. Wanafunzi wakarudi darasani tarehe 13 Mei badala ya 29 Aprili.

Kwetu mara nyingi halisubiriwi tangazo la serikali. Mto Kizinga ukijaa kule Temeke, au Mto Mbezi huku Kinondoni, mtoto wa ng'ambo haendi shule, wakati wenzake wa upande wa pili wanaendelea na somo. Huyo ndiye anayeachwa nyuma, maana shule haijafungwa na hakuna atakayerudia kipindi kwa ajili yake.

Njia tunazo. Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Anwani yake ni ol.tie.go.tz. Kitabu hakilipiwi, ila bando linalipiwa, na mvua kubwa huja na umeme kukatika. Kwa hiyo fungua kurasa hizo kabla mawingu hayajatanda, uzipige picha zibaki kwenye simu. Tatizo jingine ni kwamba simujanja ya nyumbani huwa ni moja, nayo asubuhi inaondoka na baba au mama kwenda kibaruani. Mtoto ataipata usiku, chaji ikiwa imebaki kidogo.

Mimi ni mtangazaji, msinishangae nikiitetea redio. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni hadi wanafunzi wote waliporudi tarehe 29 Juni. Hata mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha watu wazima kwa redio, wakikaa vikundi na kiongozi wao. Kilichosaidia zaidi ni kile kikundi: redio haijibu swali, mtu wa pembeni anajibu. Watoto watatu wa jirani na kaka aliyemaliza kidato cha nne wanatosha.

Mwombe mwalimu sasa hivi orodha ya mada za wiki mbili zijazo, hata kwa ujumbe mfupi kwenye kitochi. Wa kidato cha sita wasichelewe: mtihani wao ni Mei, masika bado inanyesha.